Kitefute: Mfupa, Neno na Historia ya Tiba Yake

Katika kazi ya kukuza istilahi, mara nyingi hushughulika na vitu vigeni ambavyo lugha yetu haikupata kuvipa majina. Tunatafuta neno la chombo kilichoingia nchini jana, au la fani iliyoanza kufundishwa juzi. Makala haya yanahusu jambo lililo kinyume cha hayo. Yanahusu kitu cha kale, ambacho kila binadamu anacho usoni pake, na ambacho Kiswahili kilikwisha kukipa jina tangu zamani. Lakini jina lenyewe limesahauliwa kiasi cha kwamba hata mtumishi anayelihitaji kazini hana habari nalo. Kitu hicho ni mfupa ulio chini ya pembe ya nje ya jicho, unaolipa shavu umbo lake. Jina lake ni kitefute.

Tutaitazama habari ya mfupa huu tukiwa na Mkoa wa Singida mbele ya macho yetu, wala si kwa kubahatisha. Katika mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 1963, wanaishi Wanyaturu na Wanyiramba, ambao lugha zao ni za Kibantu; wamo Wabarbaig na Wataturu wasemao Kidatoga; na upande wa Mkalama, kuelekea Ziwa Eyasi, wamo Wahadza, ambao lugha yao ina sauti za kidoko. Majeruhi na tabibu wanapokutana hospitalini huko, mara nyingi hawana lugha nyingine ya kusikilizana ila Kiswahili. Kama Kiswahili cha tabibu hakina neno la mfupa uliovunjika, hakuna lugha nyingine ya kumsaidia.

Mfupa wenyewe

Kitefute hupakana na mifupa minne. Juu kimeshikana na mfupa wa paji. Mbele na chini kimeshikana na taya la juu. Nyuma kimeshikana na mfupa wa panja. Na ndani, katika ukuta wa tundu la jicho, kimeshikana na mfupa mwingine usioonekana kwa nje. Kutoka kwenye kitefute hutoka mkono mwembamba uendao nyuma kuelekea sikio, ukakutana na mkono wa mfupa wa panja, na yote miwili hufanya upinde. Chini ya upinde huo hupita msuli mkubwa wa kutafunia.

Kwa kuwa kitefute kimejitokeza mbele, ndicho kinachopokea pigo la ngumi, la rungu, la kwato ya punda, au la barabara pale mtu anapoanguka na pikipiki. Kikivunjika, kwa kawaida hakipasuki vipande vipande. Huachana na majirani zake penye maungio, kikabonyea kuelekea ndani. Dalili zake hufahamika. Shavu huwa bapa kuliko la pili. Jicho huvia damu. Ganzi huingia shavuni, ubavuni mwa pua, mdomo wa juu na ufizi, kwa sababu neva ipitayo chini ya jicho imebanwa. Kinywa hakifunguki vizuri, kwa kuwa upinde uliobonyea umeuzuia msuli na taya. Wakati mwingine mgonjwa huona vitu viwili mahali penye kimoja.

Lakini dalili iliyo kubwa kuliko zote, yaani ubapa wa shavu, haikai wazi muda mrefu. Baada ya saa chache uvimbe huufunika. Uso uliobonyea huonekana kama uso uliovimba tu, na asiyepapasa mfupa kwa vidole hawezi kujua. Uvimbe huanza kupungua baada ya siku tano hadi saba. Wakati huo ndio unaofaa kuuinua mfupa, na nafasi hiyo si ndefu, kwani baada ya wiki mbili kazi huanza kuwa ngumu, na baada ya wiki tatu au nne mfupa huwa umekwisha kushikana mahali pasipo pake. Tangu hapo, ili kuurudisha, hapana budi kuukata upya.

Shavu si mfupa

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku mtu aliyepatwa na jeraha hilo husemwa kuwa “ameumia shavu”. Sasa tulitazame neno shavu. Kiswahili husema shavu la uso, shavu la mguu na shavu la mkono. Mote humo shavu ni nyama iliyojaa na kutuna. Kwa hiyo msikiaji akiambiwa kuwa fulani ameumia shavu, kwa haki kabisa hufikiri habari ya nyama: uvimbe, michubuko, au kidonda cha kushonwa. Nyama haivunjiki. Neno shavu halina kosa lolote; kosa ni kulibebesha mzigo wa neno jingine.

Neno hilo jingine lipo. Wamisionari wa Kiingereza waliokusanya maneno ya Kiswahili huko Unguja katika nusu ya pili ya karne ya 19 walilisikia neno kitefute vinywani mwa watu, wakaliandika katika kamusi zao. Walisikia pia mtulinga kwa mfupa wa bega utokeao kifuani, na muundi kwa mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti. Maneno haya hayakutungwa na kamati yoyote. Yalitungwa na watu waliochinja, waliozika, waliopigana na waliouguza, na ambao kwa hiyo walijua tofauti ya nyama na mfupa.

Ni vyema kulinganisha na lugha za Ulaya. Wayunani wa kale waliuita mfupa huu kwa neno litokanalo na nira, yaani ule mti uwaunganishao maksai wawili, kwa kuwa waliona kwamba unaunganisha uso na kichwa. Jina hilo likaingia katika Kilatini cha matabibu, na kutoka huko likaenea duniani. Mkulima wa Singida alimaye kwa plau ya kukokotwa na ng’ombe angeifahamu sitiari hiyo mara moja. Mfasiri mwepesi angeweza kuvutwa kuunda “mfupa-nira” na kujipongeza. Lakini kutafsiri sitiari ya wengine hali tunalo jina letu ni kuazima maji hali kisima ki uani.

Tiba ya kale

Historia ya kutibu mifupa ya uso ni ndefu. Mwaka 1862 Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua mjini Luxor, Misri, hati ya mafunjo iliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, nayo ilinakiliwa kutoka maandishi ya zamani zaidi. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa na James Henry Breasted mwaka 1930. Hati hiyo ina habari za majeruhi 48, ikianzia utosini na kushuka, na miongoni mwao wamo waliovunjika pua, taya na sehemu za shavuni.

Kinachotuhusu zaidi ni utaratibu wake. Kila habari huanza kwa kulitaja jeraha kwa jina. Hufuata namna ya kulichunguza kwa macho na vidole, kisha hukumu. Hukumu ni tatu: jeraha nitakalolitibu, jeraha nitakaloshindana nalo, na jeraha lisilotibika. Matibabu huja baada ya hukumu. Yaani miaka elfu tatu na mia sita iliyopita matabibu wa Misri walikwisha kujua kwamba asiyelitaja jeraha kwa jina lake hawezi kulihukumu, na asiyelihukumu hawezi kulitibu.

Kwetu sisi ushahidi wa tiba ya mifupa umo ndani ya lugha yenyewe. Kitenzi kuganga, ambacho leo watu wengi hukifahamu kwa maana ya kutibu tu, kina pia maana ya kuunga kitu kilichovunjika na kukifunga kishikane. Na kifaa cha kuungia huitwa gango. Waliojua kazi hiyo walimfunga mgonjwa mabanzi mguuni au mkononi hata mfupa ukashikana. Mganga, basi, ni muungaji. Jina hilo lingali na heshima yake serikalini, kwani mkuu wa utabibu katika mkoa huitwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Na methali isemayo kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, yatumia kitenzi hicho hicho.

Hata hivyo kitefute hakikubali banzi. Mguu waweza kunyooshwa na kufungwa kwa nje, lakini mfupa uliobonyea usoni wataka kuinuliwa kutoka ndani, nao haushikiki kwa mkono wa mtu aliye nje ya ngozi. Tatizo hilo ndilo lililowashughulisha wapasuaji kwa karne nyingi.

Kuinua kutoka ndani

Katika kitabu cha Mfaransa Duverney kuhusu maradhi ya mifupa, kilichochapishwa mwaka 1751 baada ya kufa kwake, imeelezwa namna ya kuurudisha upinde wa kitefute kwa kupitia kinywani na kwa kusaidiwa na nguvu ya misuli ya kutafunia. Hiyo ilikuwa kazi ya vidole na kubahatisha, kwani hapakuwa na njia ya kuuona mfupa. Njia hiyo ilipatikana mwaka 1895, Mjerumani Röntgen alipogundua mionzi iliyotupatia picha ya eksirei. Mwaka 1901 Mfaransa René Le Fort alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya maiti, akionyesha kwamba mifupa ya uso haivunjiki ovyo, bali hufuata mistari maalumu iliyo dhaifu. Mwaka 1909 Mmarekani William Keen alieleza njia ya kupasua ndani ya shavu, juu ya ufizi, ili kukifikia kitefute pasipo kuacha kovu usoni.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Katika mahandaki ya Ulaya askari alijificha mwili akatoa kichwa. Kwa hiyo nyuso ziliumizwa kwa wingi usiopata kuonekana. Huko Sidcup, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1917 hospitali ya majeruhi wa nyuso, chini ya uongozi wa kitaalamu wa Harold Gillies, mzaliwa wa Nyuzilandi. Zaidi ya askari 5,000 walitibiwa humo. Wakati huo huo vita hivyo vilipiganwa pia katika nchi yetu, na wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu kwa maelfu bila hospitali ya namna hiyo.

Mwaka 1927 Gillies na wenzake Kilner na Stone walitangaza njia ambayo ingali ikifundishwa mpaka sasa. Mpasuaji hukata mahali padogo, kiasi cha sentimita mbili na nusu, ndani ya nywele za panja, ambapo kovu halitaonekana. Hupasua utando mgumu uliofunika msuli wa panja, akapenyeza chuma chembamba baina ya utando na msuli. Kwa kuwa utando huo umeshikana na upinde kwa juu, na msuli hupita chini ya upinde, chuma kifuatacho nafasi iliyo kati yake hufika chenyewe chini ya kitefute. Ndipo mpasuaji huinua, akijihadhari asikiegemeze chuma juu ya fuvu. Mara nyingi husikika mlio mfupi mfupa unaporudi mahali pake. Mgonjwa huamka kutoka katika nusukaputi akikatazwa kulalia upande huo kwa wiki kadhaa.

Mifupa mingine huinuliwa na kukaa. Mingine huanguka tena. Kwa hiyo ya pili ilihitajika kitu cha kushikiza. Mwaka 1942 Mmarekani Milton Adams alieleza njia ya kuushikiza mfupa kwa waya uliofungwa ndani. Katika miaka ya 1970 wapasuaji wa Ufaransa, miongoni mwao Michelet na Champy, walieneza matumizi ya vibamba vidogo vya chuma vinavyokazwa kwa skrubu. Siku hizi vibamba hivyo hutengenezwa kwa titani. Hatukosei tukisema kwamba kibamba hicho ni gango, na kwamba kazi yake ni ile ile iliyokuwamo katika neno letu kabla ya kupatikana titani.

Afrika Mashariki na Singida

Shule ya Gillies ilifika Afrika Mashariki kwa njia inayojulikana. Binamu yake, Archibald McIndoe, aliyefanya kazi pamoja naye London na baadaye akapata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa mmoja wa wapasuaji watatu walioanzisha mwaka 1957 shirika la utabibu la Afrika Mashariki lijulikanalo kama AMREF. Wenzake walikuwa Michael Wood, aliyekuwa na shamba katika miteremko ya Kilimanjaro, na Mmarekani Thomas Rees. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile, nao walitumia ndege kuwafikia wagonjwa wa mbali.

Nchini Tanzania mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na kutokana na fani hiyo wamepatikana madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Mkoani Singida huduma za hospitali zilijengwa na Serikali pamoja na madhehebu ya dini: Walutheri huko Iambi, Waanglikana huko Kilimatinde, na Wakatoliki huko Makiungu na Itigi. Lakini daktari bingwa wa mifupa ya uso hapatikani katika kila hospitali, wala katika zahanati ya kijiji. Majeruhi wa kitefute hana budi kupewa rufaa, pengine hadi Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa mwaka 2015, na mji huo uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Singida mjini.

Sasa tufikirie mfano wa kubuni. Mkulima wa alizeti amepigwa rungu katika ugomvi. Amefika zahanati siku ya pili, uso umevimba. Katika daftari imeandikwa “jeraha la shavu”, akapewa dawa za maumivu na uvimbe. Polisi wamempa Fomu Namba 3, ile iitwayo PF3, nayo imejazwa maneno yale yale. Baada ya wiki mbili uvimbe umekwisha, naye anaona kwamba shavu limeingia ndani na kinywa hakifunguki. Anaporudi, akaandikiwa rufaa, akauza mbuzi wa nauli, wiki ya nne imekwisha kupita. Mbele ya hakimu nako fomu yasema ameumia shavu. Kanuni ya Adhabu hutenganisha dhara la kawaida na dhara kubwa, na uso ulioharibika kwa kudumu huhesabiwa katika lile kubwa. Lakini hakimu husoma kilichoandikwa, na hapakuandikwa mfupa. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, neno linaloandikwa kwa Kiswahili lina uzito wa kisheria.

Hatudai kwamba neno peke yake humponya mtu. Tabibu aliyefundishwa kupapasa atapapasa hata akikosa neno. Lakini neno lililoandikwa husafiri kwenda mahali ambapo tabibu hayupo: kwa muuguzi wa zamu, kwa karani wa rufaa, kwa askari, kwa mkalimani, kwa hakimu. Wote hao hutenda kwa kadiri ya neno walilopewa. Anayesoma “kitefute kimebonyea” hawezi kudhani ni uvimbe tu.

Istilahi tunazozipendekeza

Kazi ya usanifishaji ina historia ndefu kwetu. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa kwa sheria mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa orodha za tafsiri sanifu. Mwaka 2003 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi ya Tiba. Kwa hiyo hatuanzi kwenye utupu. Tunapendekeza yafuatayo kwa watumishi na wafasiri.

Kwanza, kitefute kitumike kwa mfupa, na shavu libaki kuwa la nyama. Katika hati za hospitali na za polisi, mpaka neno lizoeleke, iandikwe kwa ukamilifu: kitefute (mfupa wa shavu). Katika kuzungumza na mgonjwa, mfupa wa shavu linatosha, maana shabaha ni kufahamiwa.

Pili, mkono wa mfupa uendao sikioni uitwe upinde wa kitefute, na pahali pakatwapo paitwe panja, neno ambalo tayari kila kinyozi analijua.

Tatu, hali ya mfupa ielezwe kwa vitenzi vya Kiswahili vilivyo wazi: umepata ufa, umevunjika, umebonyea, umehama. Hivi si visawe. Mfupa wenye ufa waweza kuachwa ujiunge wenyewe. Uliobonyea, hasa ukizuia kinywa au kubana neva, wataka kuinuliwa.

Nne, matendo ya mpasuaji yatenganishwe: kuinua ni kurudisha mahali, kushikiza ni kuzuia usianguke tena, kuunga ni kazi ya mwili wenyewe. Kuandika kwamba mgonjwa “ameungwa” hali ameinuliwa tu ni kumpotosha daktari atakayempokea baadaye.

Liko pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Watasema kwamba kitefute ni neno la pwani na la zamani, wala mtu wa Ikungi au Kiomboi halijui. Ni kweli. Lakini hakuna mtu aliyezaliwa akijua nusukaputi wala eksirei, na leo maneno hayo husemwa vijijini kwa sababu yalitumiwa hospitalini kila siku. Neno huenezwa na kazi.

Jambo la mwisho twawaomba walimu walioko Singida. Wazee wa Kinyaturu, Kinyiramba, Kidatoga na Kihadza wanayo majina yao ya mifupa ya uso, na pengine ya namna ambazo mfupa huvunjika, ambayo Kiswahili hakina. Wanafunzi wakitumwa kuyakusanya kwa makini, wakaandika jina, lugha, kijiji na maana kamili, Baraza litapata mahali pa kuchota pale ambapo kamusi za pwani zimekoma.